Kovu Utosini kwa Bishakha Malo

Bishakha Malo hakukiona kipara chake yeye mwenyewe. Alionyeshwa na soko.

Kwenye soko la samaki la Naihati, mji wa Bengali, muuzaji hukaa chini juu ya ubao, jisu la kusimama amelibana kwa mguu, na mnunuzi husimama mbele yake akitazama chini. Kwa hiyo mnunuzi huona vitu viwili: samaki, na utosi wa anayemkatia. Bishakha alikuwa amekaa hapo tangu mama mkwe wake alipoishiwa nguvu za magoti akamwachia nafasi. Nywele zake zilikuwa nzito, amezifunga fundo kubwa kisogoni, na mstari wa katikati ameujaza unga mwekundu wa ndoa kama mwanamke yeyote mwenye mume. Alijulikana kwa mambo mawili, kwamba mizani yake haidanganyi na kwamba mdomo wake haukopeshi. Wapo waliokuja sokoni bila haja ya samaki, wasimame tu kumsikiliza akimtolea uvivu mtu.

Asubuhi hiyo Gopal, muuza kamba wa upande wa pili wa njia, aliinuka kumwaga maji akapita nyuma yake.

"Shemeji, leo umepaka mafuta gani?" akapaza sauti. "Utosi unang'aa kama tumbo la samaki ilishi!"

Watu wakacheka. Bishakha hakuinua hata kichwa. "Heri mimi ninang'aa. Kamba wako tangu juzi wananuka mpaka paka wamehama mtaa."

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka Gopal. Lakini mkono wa Bishakha, ukiwa bado na magamba ya samaki, ulipanda wenyewe kichwani ukapapasa, na pale ulipogusa palikuwa laini. Si laini ya nywele zilizopungua. Laini ya kigae.

Ukweli ni kwamba kichwa kilikuwa kimeanza kumchoma muda mrefu. Kikimwasha, kikimchoma kama kimepakwa pilipili, na akichana nywele anauma meno. Alidhani ni jua. Alidhani ni mafuta ya haradali ya duka jipya. Mwanamke anayeamka alfajiri kugombea samaki kwenye mnada hana muda wa kukiuliza kichwa chake kina nini.

Jioni binti yake Bulti, aliyekuwa darasa la tisa, alimpiga picha utosini kwa simu akamwonyesha. Palikuwa na duara dogo jeupe, linang'aa. Kando yake ngozi imekuwa nyekundu, na nywele chache zimesimama mafungumafungu kama nyasi zilizosahauliwa na mbuzi.

"Mama, hapa hamna hata vitundu," Bulti alisema. "Tazama. Ngozi imejifunga."

Bishakha aliitazama ile picha, akairudisha simu, akaenda kupika wali. Siku ya pili alikwenda kwa daktari wa ngozi.

Daktari huyo alikuwa akija Naihati kutoka mjini, anakodi chumba karibu na stesheni, na foleni yake hujaa hadi nje barabarani. Bishakha alioga mara mbili kabla ya kwenda, akavaa sari safi. Alisubiri mpaka mgongo ukamuuma. Alipoingia, daktari hakumwambia akae. Alinyoosha shingo kutoka alipokuwa ameketi, akatazama kidogo.

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza samaki, daktari."

"Basi. Mapunye hayo. Nyinyi mnashika maji machafu halafu mnashika vichwa." Tayari anaandika. "Paka hii, oshea hii. Mwingine!"

Alirudi nyumbani kwa hasira. "Hakunigusa!" alimwambia mumewe, Nitai. "Hata kwa kidole! Mimi samaki nikimnunua namgeuza, namfunua shavu, namnusa. Mimi hakunishika!"

Nitai alikuwa mpole, mtu wa kuvua samaki kwenye mabwawa ya kukodi, asiyependa kelele. "Upake kwanza, Mama Bulti," alisema. "Pengine itasaidia."

Alipaka. Haikusaidia. Alirudi kwa yule yule daktari, naye safari hii akasema ni umri na mawazo, akamwandikia vitamini. Bishakha alitoka nje, akaitupa karatasi relini.

Hapo ndipo Nitai aliposema, "Twende kwa Bagchi-babu."

Daktari Pramathesh Bagchi alikuwa akiutibu ukoo wa Malo tangu zama za baba yake Nitai. Yeye hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa wa homeopathia, tiba ya vile vidonge vyeupe vidogo kama mbegu za mtama, vitamu, vinavyoyeyuka ulimini, na Bengali nzima haina mtaa usio na mtu wake. Alikuwa mzee mrefu, amevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Chumba chake kilikuwa na makabati ya vichupa hadi darini na kilinuka spiriti. Watoto wa Naihati walipenda kuugua, ili wapelekwe kwake.

Bagchi-babu alimvutia kiti. Kiti chenye mto. Kisha akamwuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Bishakha. Anapenda joto au baridi? Kiu yake ikoje? Analala kwa ubavu upi? Anaota nini? Akikasirika, hasira inamkaa kifuani au inatoka? Kuna huzuni gani aliyoimeza bila kuilia?

Bishakha, ambaye soko zima lilimwogopa, alijikuta akimweleza kuhusu mtoto wa kiume aliyemzaa kabla ya Bulti, aliyeishi wiki chache tu. Hakuwa amemtaja kwa miaka. Alilia mbele ya mzee yule na mzee hakumharakisha. Nje wagonjwa walikohoa na kusubiri, naye akawaacha wasubiri.

"Ugonjwa wako haukuanzia kichwani, mama," Bagchi-babu alisema mwishowe. "Umetoka ndani. Tutautibu kutoka ndani." Alimtikisia vidonge kwenye kichupa. "Masharti: usile kitunguu kibichi, usinuse kafuri, epuka harufu kali. Na usipake marhamu yoyote kichwani. Marhamu husukuma ugonjwa ukarudi ndani, ukashika ini, ukashika moyo. Hilo usilifanye kabisa."

"Niepuke harufu kali?" Bishakha alifuta machozi. "Bagchi-babu, mimi ni muuza samaki."

Mzee alicheka sana, naye Bishakha akacheka. Alitoka mle amejisikia mwepesi kama aliyetua gunia. Kama ule wepesi ungekuwa ndio tiba, angepona siku hiyo hiyo.

Miezi ikapita. Kichwa kikazidi kuchoma. Alipomwambia, Bagchi-babu alifurahi. "Vizuri! Dawa imeukuta ugonjwa, inautoa nje. Vumilia." Akambadilishia kichupa. Duara likapanuka. "Vumilia, mama. Ulichukua miaka kuingia, hauwezi kutoka kwa siku moja." Akabadilisha tena. Sikukuu ya Durga ya kila mwaka ikaja ikapita, ikaja nyingine, na Bishakha bado anaweka mbegu tamu chini ya ulimi asubuhi na jioni, na hapaki kitu kichwani, hata mafuta, kwa hofu ya ini lake.

Kufikia hapo mstari wa katikati ya nywele haukuwa mstari tena. Ule unga mwekundu, badala ya kukaa kati ya nywele, ulisambaa juu ya ngozi tupu kama rangi iliyomwagika. Siku moja bibi mmoja wa nyumba ya matajiri, mnunuzi wa miaka mingi, alisimama mbele yake akamtazama kutoka juu na kusema kwa huruma, "Masikini, nilidhani mumeo amefariki. Zamani wajane ndio tulikuwa tunawanyoa hivyo."

Bishakha alikuwa ameshika kichwa cha samaki. Alikikata vipande viwili kwa nguvu hata damu ikamrukia bibi yule kwenye sari. "Mume wangu yuko bwawani anavua huyu utakayemla mchana," alisema. "Na akifa nitakualika."

Nyumbani Nitai alimwambia afunike kichwa kwa pindo la sari. Alifunika. Pindo likawa linaanguka kwenye matumbo ya samaki kila anapoinama, akirudi nyumbani limelowa damu, na mbu na nzi wanamfuata kama bwana harusi na watu wake.

"Unaniona aibu," alimwambia Nitai.

"Sikuoni aibu. Nachoka kuulizwa."

"Wewe unachoka kuulizwa. Mimi ndiye mwenye kichwa!"

Ni Bulti aliyeukata mzozo huo. Msichana alikuwa amekua, amebakiza mtihani mkubwa, na amechoka kumsikia mama yake akigeuka geuka kitandani kwa kuwa hakuna upande wa kichwa usiouma. "Kesho huendi sokoni," alisema. "Tunakwenda Kolkata, hospitali ya serikali. Ukikataa, na mimi sifanyi mtihani." Bishakha alimtukana njia nzima, lakini alipanda treni.

Daktari wa ngozi waliyemkuta alikuwa mwanamke bado kijana, Rehana Laskar, macho yamemvimba kwa uchovu, hana maneno mengi wala hana kiti chenye mto. Hakumwuliza ndoto. Lakini alivaa glavu, akakishika kichwa cha Bishakha kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akaweka kioo cha kukuzia na kutazama mahali kwa mahali. Akabonyeza. Akavuta nywele za kando taratibu akaona jinsi zinavyotoka bila kung'ang'ania. Kisha akanyamaza kwa namna ambayo Bishakha hakuipenda.

"Kinawasha au kinachoma?"

"Kinachoma."

"Tangu lini?"

Bishakha alimwambia.

"Na unatumia nini?"

Bulti akatoa vichupa kwenye mkoba. Daktari Laskar alivitazama bila kuvigusa.

Walimpiga ganzi, wakakata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya dengu, wakamshona uzi. Majibu yalipotoka walirudi, na daktari akawaeleza.

"Dada, nywele huanguka kwa njia nyingi. Nyingi zake ni kama mpunga uliovunwa, shina limeondoka ila mzizi upo, msimu ukirudi unaota. Zako sivyo. Mwili wako wenyewe umeugeuka mzizi wa unywele ukadhani ni adui. Umeushambulia mpaka umekufa, na mahali pake pameziba kwa kovu. Ndiyo maana panang'aa. Kovu halioti kitu."

"Sasa mtanipa dawa ziote."

"Hapo palipong'aa haziwezi kuota. Nisikudanganye." Daktari alisema haraka, kama mtu anayechomoa mwiba. "Dawa zipo za kuzima moto huu usile zilizobaki. Sindano ndogondogo humo humo kichwani, zinauma. Marhamu kali. Na vidonge vinavyoweza kudhuru macho, kwa hiyo lazima tuyapime kila baada ya muda. Tukianza leo, hizi za pembeni tunaweza kuziokoa. Moto ukilala muda mrefu, watu wengine hupandikiza nywele. Lakini hizo zilizokwenda zimekwenda. Ungekuja mapema..."

"Mapema lini?" Bishakha alisimama. "Sema, dada daktari. Mapema lini? Nilipoanza kuchomwa nilikwenda kwa daktari mwenzako, mwenye cheti kama chako ukutani. Akasema mapunye, akasema mimi mchafu. Hakunigusa! Mapema zaidi ya hapo ni lini?"

Daktari Laskar aliinamisha macho. "Hapo ndipo tungezuia," alisema pole pole. "Walipaswa kukukata kipande siku ile."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo pia. Hata mwaka jana."

"Mwaka jana," Bishakha alisema, "nilikuwa nanyonya peremende."

Kwenye treni ya kurudi hakusema neno. Bulti alimtazama kwa woga, maana mama yake akitukana hali ni ya kawaida, akinyamaza kuna jambo. Waliposhuka Naihati Bishakha hakushika njia ya nyumbani. Kichwa bado kimefungwa bendeji pale zilipoingia sindano za kwanza, alikwenda moja kwa moja kwa Bagchi-babu, akapita kati ya wagonjwa waliojaa kwenye mabenchi ya baraza, akasukuma pazia.

"Mama, subiri zamu," mzee alisema.

"Nimesubiri miaka miwili, babu. Zamu yangu imefika."

Mgonjwa aliyekuwa ndani aliinuka mwenyewe akatoka. Bishakha hakulishusha pazia. Alitaka wasikie.

"Unajua nywele zangu ziko wapi? Zimekufa. Ngozi imeota kovu. Wamenikata, wametazama kwa darubini. Wewe ulitazama na nini?"

"Tulia, mama. Keti."

"Sikai! Kile kiti ndicho kilichoniponza!" Sauti yake ilikuwa ile ya mnada wa alfajiri. "Nilikwambia kinachoma, ukasema vizuri. Nilikwambia linapanuka, ukasema vumilia. Ukanikataza marhamu! Nyumbani kwangu kulikuwa na marhamu, nikaogopa ini. Ini! Kila siku uliyonambia vumilia kuna nywele zilikuwa zinazikwa."

Bagchi-babu alikuwa amepauka. Hakuwa amezoea kusemeshwa hivyo, na mtu yeyote, sembuse muuza samaki. Lakini alikuwa mtu wa heshima, na alijibu kwa heshima. "Nimekutibu kama binti yangu. Nimekusikiliza kuliko mtu yeyote aliyewahi kukusikiliza. Unakana?"

"Sikani. Hapo ndipo uliponimaliza." Hapo sauti yake ilipasuka. "Yule wa stesheni alinitukana, nikaondoka. Angenitukana vizuri zaidi ningefika Kolkata siku hiyo hiyo. Wewe ulinivutia kiti. Ulinisubiri nikimlilia mwanangu. Nani anamwacha mtu wa namna hiyo?"

Nje pale barazani watu walisogea karibu na mlango.

Mzee alivua miwani. "Na huko hospitali," alisema, "wamekwambia zitarudi?"

"Hapana."

"Basi na wao wameshindwa kama mimi."

Bishakha alimsogelea hatua moja. "Wao wameniambia hawawezi," alisema. "Wewe ulijua huwezi?"

Bagchi-babu alianza kuifuta miwani yake. Bishakha akageuka kutoka, na ndipo alipomwona msichana mmoja.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi na mama yake, amevaa vizuri, mwalimu wa shule ya msingi wa upande wa reli. Jina lake Mithu Pakrashi, na mtaa wote ulijua ataolewa majira ya baridi. Kidole chake kimoja kilikuwa utosini, kikibonyeza mahali pamoja bila mwenyewe kujua.

"Wewe. Hapo panawasha au panachoma?"

Mithu alimtazama mama yake. "Panachoma, shangazi."

"Inama." Kabla hajakubali wala kukataa, Bishakha alishampasua nywele. Palikuwa pekundu, magamba meupe yameshika mashina ya nywele, na katikati sehemu ndogo, ndogo sana, imeanza kung'aa. "Amekukataza marhamu?"

Msichana aliitikia kwa kichwa.

"Anakutazama nini, huyu?" mama yake Mithu alifoka. "Ananuka samaki mwili mzima! Toa mikono yako kwa mwanangu!"

"Nanuka samaki, ndiyo. Na mwanao atanuka majuto." Bishakha alimwachia. "Jumanne nakwenda tena Kolkata, hospitali. Treni ya kwanza, jukwaa la pili. Usije ukitaka, si kichwa changu. Lakini nitazame mimi," akaikwanyua bendeji pale pale, akainama mbele ya benchi zima, "nitazame vizuri kabla hujaamua."

Mama yake Mithu aliziba mdomo kwa pindo la sari.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Nitai alikuwa amekaa mlangoni. "Umemtukana Bagchi-babu," alisema. "Aliyemtibu baba. Nitapita wapi mimi?"

"Pita njia ya stesheni. Usipite kwake."

Kwa wiki kadhaa hawakusemeshana isipokuwa kuhusu bei ya samaki. Sokoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyumba za wakubwa, zilizomheshimu mzee, ziliacha kununua kwake. Watumishi wao walipita mbele ya ubao wake wakitazama pembeni. Siku ya tatu ya kukaa na samaki wengi wasiouzwa, Bishakha alilivuta lile pindo kutoka kichwani akalichomeka kiunoni, akakaa kichwa wazi, kovu na wekundu wa ndoa vyote pamoja.

"Tazameni, bure!" alipaza sauti. "Samaki ndio wa kulipia!"

Gopal alikuwa wa kwanza kucheka, kisha akafanya jambo ambalo Bishakha hakulitegemea. Mnunuzi aliyesimama kwa Gopal alianza kunong'ona kuhusu mwanamke asiye na adabu, naye Gopal akamnyang'anya mfuko wa kamba mkononi. "Nenda kanunue kwa Bagchi-babu," alimwambia. "Anauza vitamu." Bishakha alimwona ila hakumshukuru. Alikuwa bado hajamsamehe lile tumbo la ilishi.

Jumanne ile aliyoitaja Bishakha, Mithu alikuja stesheni. Peke yake, amejifunika shali, anatazama nyuma kila mara. Hawakuongea mengi kwenye treni. Daktari Laskar alimshika kichwa, akatazama kwa kioo, akamkata kipande, na majibu yakawa ugonjwa ule ule. Lakini safari hii daktari hakunyamaza kwa ile namna mbaya. Alisema, "Umewahi," na Mithu akaanza kulia kwa furaha.

Bishakha alitoka nje ya chumba, akasimama kwenye ujia kati ya watu na machela, uso ukutani. Alikuwa anamfurahia yule msichana, kweli kabisa. Na alikuwa na hasira juu yake, kwamba neno lile dogo alipewa yeye. Hasira hizo hakumwambia mtu. Ziliisha au hazikuisha, ndani yake mwenyewe.

Sindano ziliuma kama nyuki wamemvamia kichwani, kila mwezi. Marhamu ilimfanya aloweshe mto. Vidonge vilimchafua tumbo mpaka akazoea. Kisha asubuhi moja alichana nywele akagundua kuwa amechana tu, hajauma meno. Moto ulikuwa umeshuka. Ukazidi kushuka, na ukingo wa kovu ukaacha kutembea. Kovu lenyewe lilibaki, pana kama kiganja cha mkono, na kila alipokwenda kumwona daktari alimwuliza, "Na hapa je?" na kila mara daktari akasema, "Hapo hapana, dada." Alijua jibu. Aliuliza ili lisemwe.

Nitai alivunja ukimya wao siku alipomkuta mbele ya kioo na kikasha cha unga mwekundu, hajui aupake wapi. Alisimama nyuma yake. "Mimi ndiye niliyekupeleka kwake," alisema.

"Ndiyo, ni wewe."

Alingoja labda mkewe ataongeza neno la kumfariji. Bishakha aliendelea kutazama kioo. Nitai akachukua kikasha mkononi mwake, akauweka ule wekundu juu ya kovu lenyewe, kidogo, karibu na paji la uso, kwa kidole. Siku iliyofuata waliamka pamoja kwenda mnadani.

Mithu aliolewa majira ya baridi, maua yamefunika palipokuwa pamepungua, na hakuna aliyejua ila waliojua. Bishakha alialikwa. Mama yake Mithu alimpakulia wali mwenyewe, bila kumtazama usoni, akarudia kumwekea nyama mara tatu. Kwa mwanamke yule hilo lilikuwa kama kumwangukia miguuni.

Bagchi-babu hakuja sokoni wala hakutuma neno. Hata wakikutana njiani alivuka upande wa pili. Bishakha alisikia kwamba bado anavuta kile kiti, bado anauliza ndoto, bado baraza limejaa. Ilimkera hadi akakosa hamu ya kula.

Kisha, mwanzoni mwa mvua, mwanamke mgeni alikuja akasimama mbele ya ubao wake. Alikuwa ameshika mwavuli uliovunjika, na hakutazama samaki.

"Wewe ndiye Bishakha Malo?"

"Unataka nini? Ilishi wameisha. Kuna rui."

"Sitaki samaki." Mwanamke aliinama kidogo. "Natoka kwa Daktari Bagchi. Nina tatizo la kichwa, kinachoma. Hakunipa dawa. Amesema nije kwako nikuulize njia ya ile hospitali. Amesema nisichelewe."

Mikono ya Bishakha ilisimama katikati ya kumkata samaki.

"Amesema hivyo? Usichelewe?"

"Ndiyo, dada."

"Yeye hana ulimi?" Bishakha aliutupa mkia wa samaki kwenye beseni hata maji yakaruka. "Miaka yote ulimi wake ulikuwa unafanya kazi. Vumilia, mama! Vumilia, mama! Leo kutaja jina la hospitali umemshinda, anatuma watu kwa muuza samaki? Mimi ni karani wake? Neno pole hajanitamkia mpaka leo, hata akiwa amevuka barabara, halafu ananiletea wagonjwa!"

Mwanamke alirudi nyuma hatua moja. Watu wa soko walikuwa wamesogea kusikiliza, Gopal ameacha kuwamwagia kamba wake maji.

Bishakha aliendelea kutukana, akimtukana mzee na wa stesheni na baba zao, huku akiosha mikono yake ndooni kwa sabuni, kidole kwa kidole, akiikausha kwa kitambaa safi. Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye ubao.

"Kaa hapa," alisema. "Funga huo mwavuli unanimwagia maji. Sasa sikiliza, maana sirudii. Unapanda treni ya kwanza, unashuka kituo cha mwisho, na ukifika mapokezi usikubali wakupeleke kwa yeyote ila Daktari Laskar. Na akikutazama bila kukushika kichwa, ukatae kuondoka. Umesikia? Ukatae."